Pua ya Waziri

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Waziri kaonywa! Onyo la mwisho. Asubuhi Daktari alituita walimu wote wa panya ofisini kwake na kusema bila kupepesa macho: Jumatatu ijayo panya wote watafanyiwa mtihani, na atakayekosea zaidi ya mara mbili atastaafishwa. Hakumtaja mtu wala panya. Ila muda wote alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Waziri ni panya wangu. Panya buku, mkia mrefu, tumbo la mheshimiwa. Jina nilimpa mimi, kwa ajili ya kusinzia kazini. Kazi yetu ni hii. Makohozi ya watu wanaokohoa yanaletwa kutoka zahanati, yanatiwa kwenye vikopo, na vikopo vinapangwa chini ya sanduku la kioo lenye matundu sakafuni. Panya anapita juu akinusa. Penye kifua kikuu anasimama na kukwaruza. Mimi nabofya kidude, ta! Yeye anapata ndizi iliyopondwa. Safu nzima anaimaliza kabla mtu wa hadubini hajafuta miwani.

Zamani alikuwa anaimaliza, niseme ukweli. Siku hizi anapita kama mtu anayetafuta kiti.

Waziri akistaafu, mimi narudi kuosha vizimba. Nilishaviosha miaka. Sirudi!

Nyumbani mke wangu kasema nimekohoa tena usiku. Nimemwambia ni vumbi la pumba tunazowatandikia panya. Kasema vumbi gani lisilokwisha hata siku za mapumziko. Nikamwashiria apunguze sauti. Binti yetu alikuwa amelala kifuani kwangu, na huyo ukimwamsha umekwisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu ya kwanza. Rahisi. Kwenye mazoezi vikopo vyenye ugonjwa vina alama nyekundu, vilivyo safi vina alama ya kijani. Panya haoni alama, mimi naona. Basi nikapaka ndizi kidogo kwenye ukingo wa vile vyekundu. Akili ni nywele!

Waziri alisimama kwenye cha kwanza. Nikabofya. Akakataa kuondoka. Alilamba ukingo, akalamba tundu, akalala hapohapo juu yake. Vilivyobaki hakuvigusa. Halafu wakaja sisimizi.

Bwana Usafi alikuwa wa kwanza kuwaona. Huyu ndiye anayemfundisha panya aitwaye Malaika, na meza yake iko mkabala na yangu. Ananawa mpaka viwiko. Sheria inasema kikopo kisifunguliwe kabla ya kupita kwenye mashine ya joto inayoua vijidudu, na yeye anaisubiri hiyo mashine amekunja mikono kama mtu anayesubiri wali uive. Mimi nafungua kwanza, nagawa, ndiyo natia kwenye mashine. Naokoa muda. Na barakoa yangu naishusha kidevuni ili Waziri asikie sauti yangu. Panya ni mtu wa sauti.

Bwana Usafi kaniuliza kwa upole kama nina habari kwamba nina sisimizi. Upole wake huo!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mbinu ya pili: mazoezi ya siri wakati wenzangu wamekwenda kula. Tatizo likawa vikopo. Vyekundu vilikuwepo. Vya kijani nilivimwaga vyote jana, trei nzima, nilipokuwa nakimbia kuwahi mashine kabla ya Bwana Usafi. Nikisema kwa Daktari, ni onyo. Nisiposema, Waziri hana cha kufanyia mazoezi.

Nikafikiri. Kijani maana yake nini? Makohozi ya mtu mzima wa afya. Na mtu mzima wa afya ni nani humu ndani? Nina kovu la chanjo begani toka utotoni. Nabeba gunia la pumba peke yangu. Nikaingia chooni, nikakohoa. Yalitoka bila taabu, mengi tu, kwa hayo nashukuru lile vumbi. Nikajaza vikopo vitano, nikavipitisha kwenye mashine kama vingine, nikavibandika kijani. Nani atajua?

Waziri akasimama kwenye cha kwanza! Akakwaruza. Sikubofya. Akanitazama. Akaenda kwenye cha pili, akakwaruza kwa nguvu zaidi. Vyote vitano! Ndizi hakupata, na mwishoni alinipa mgongo.

Basi nimeelewa. Mzee kaishiwa. Anakwaruza ovyo ili apate chakula, kama waheshimiwa wengine. Nilikaa chini nikataka kulia, maana nampenda huyu mnyama. Nimemlea tangu hajafumbua macho vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimewaza usiku kucha, pamoja na kukohoa. Labda si pua ya Waziri. Labda vile vikopo vyangu vina kasoro. Mimi hupenda pipi za mnanaa. Huenda mnanaa unawachanganya panya!

Na kama unamchanganya Waziri, utamchanganya na Malaika.

Nimecheka peke yangu mpaka kifua kikauma. Daktari akituruhusu makosa mawili, Malaika nitampa matano. Panya bora akianguka, nani atakuwa na macho ya kumwangalia Waziri?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama mkwe kaja kumwona mjukuu. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikakohoa katikati ya shikamoo. Akauliza suruali ile nimeazima kwa nani, mbona inapwaya. Nikasema ni mtindo. Mke wangu akasema mtindo gani wa kutoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Baadaye, nikiwa nimemlaza mtoto kifuani, mama mkwe akanitazama sana. Akasema: kikulacho ki nguoni mwako, baba.

Hekima iliyoje! Sijui nani kamwambia habari za Bwana Usafi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya mtihani. Nimefika mapema kuliko mlinzi. Nimevitoa vikopo vitano vya kijani kwenye trei ya Malaika na kuweka vyangu. Moyo ulidunda, mikono ilitulia. Kila mtu na kipaji chake.

Waziri kaanza. Kakosa mara mbili, hakuzidi. Kapona kwa tundu la sindano! Nikambusu juu ya kichwa.

Akaingia Malaika. Anatembea kwa madaha, mkia umenyooka. Kikopo changu cha kwanza: akasimama. Akakwaruza. Daktari akainua nyusi. Cha pili, akakwaruza. Mpaka vyote vitano! Bwana Usafi alibadilika rangi. Akasema hajawahi kumwona Malaika hivi, labda mgonjwa, labda kosa ni lake yeye, alimwogesha jana. Nikamshika bega. Nikamwambia ndiyo dunia.

Furaha yangu haikumaliza chai. Daktari hakuandika kitu. Aliomba aletwe panya mdogo kutoka banda la nyuma, asiyemjua yeyote wala trei yoyote. Akampitisha kwenye safu ileile. Panya mdogo akasimama palepale. Kisha Daktari akasema: lete Waziri.

Niliomba kimoyomoyo asinzie. Hakusinzia. Siku ya kusinzia ndiyo hakusinzia! Alikimbia moja kwa moja kwenye vikopo vyangu kama anayedai haki yake ya Alhamisi.

Daktari kasema panya watatu hawawezi kupatana kusema uongo. Wenye kosa si panya, ni vikopo. Kavichukua kwenda kwenye hadubini.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sina hamu ya kula.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tuliitwa wote. Daktari alisimama, barakoa usoni, na kutuambia tuvae zetu vizuri. Akaniangalia. Nikaipandisha.

Kasema vile vikopo vitano vimejaa vijidudu vya kifua kikuu. Vyote vinaelekea kuwa vya mtu mmoja. Havimo kwenye orodha ya zahanati yoyote, kwa hiyo huenda vimetoka humu ndani. Kauliza ni vya nani.

 Kichwa changu kilifanya kazi haraka sana. Ningeweza kusema ni vya Bwana Usafi, trei ni yake. Ningeweza kusema nimeviokota. Nilishafungua mdomo.

Ndipo Daktari akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hamtafuti mwizi, anamtafuta mgonjwa. Kwamba ugonjwa huu unatibika ukijulikana. Ila mwenye vikopo hivi analala nyumba moja na watu, na kila akikohoa anawagawia, na kama nyumba hiyo ina mtoto mchanga basi yeye Daktari hatapata usingizi leo.

Niliusikia uzito wa binti yangu kifuani, palepale niliposimama. Uzito wake wa kila siku. 

Nikanyoosha mkono. Nikasema ni vyangu mimi.  Nikaeleza yote, trei niliyomwaga, mnanaa, mpaka habari ya kufungua vikopo kabla ya joto. Daktari alifumba macho nilipofika kwenye habari ya kushusha barakoa ili Waziri asikie sauti. Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningeelewa. Aliniandikia niende kliniki sasa hivi, na kunisindikiza kachaguliwa Bwana Usafi.

Njia nzima hakunisema. Alinibebea mfuko. Hilo nalo limeniuma.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Mke wangu alimpeleka mtoto kupimwa, mimi nilikuwa chumba kingine, dirisha wazi, nimefunikwa pua na mdomo. Niliogopa. Sitaki kutia chumvi, niliogopa tu.

Mke wangu alikaa mbali kidogo, akaniambia kupitia mlangoni: baba watoto, nilikwambia si vumbi. Hakuongeza neno. Angeongeza ningefarijika.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mtoto mzima! Atapewa dawa za kinga. Mke wangu mzima. Mama mkwe mzima, na kauliza kama sasa nimeelewa ile methali. Wenzangu kazini wote wazima. Picha ya kifua cha Bwana Usafi haina hata doa, nadhani hata mapafu yake anayapiga deki.

Mimi nimeanza vidonge. Miezi sita. Mkojo umekuwa rangi ya machungwa. Muuguzi kasema ni kawaida na nisiache dawa hata nikijisikia vizuri.

Kila mtu ananiuliza nililijuaje tatizo. Nawajibu kwamba nilifanya utafiti.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Nimeruhusiwa kurudi kazini. Sheria mpya ukutani kwa herufi kubwa: hakuna kufungua kikopo kabla ya joto, hakuna kushusha barakoa. Hawakutaja jina. Hawakuhitaji.

Waziri hakustaafishwa. Daktari kamfutia hata yale makosa mawili. Kasema panya aliyemgundua mwalimu wake mwenyewe ana haki ya kulala kazini. Bwana Usafi ndiye aliyekuwa anamlisha nilipokuwa sipo. Kamsafisha mpaka anang'aa. Nina mashaka na nia yake.

Wenzangu walipotoka nilikaa mbele ya kizimba. Nikamwomba Waziri radhi. Niliomba hasa, kwa maneno. Nikamwambia: ulikuwa unaniambia mara tano, mimi nikakunyima ndizi. Ungekuwa si wewe, mwanangu angekuwa wapi? Nikampa ndizi nzima, isiyopondwa. Nimeapa mbele yake sitaitilia shaka pua hiyo maisha yangu yote.

Na mbinu nimeacha. Kabisa.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Wageni wamekuja! Wafadhili, watu wazito, wameshuka na kamera. Daktari alitangaza tangu wiki iliyopita kwamba Malaika ataonyeshwa kwanza, kisha Waziri. Atakayependeza zaidi atapigwa picha ya kalenda pamoja na mwalimu wake. Nilikuwa nimeshachagua shati.

Sasa, mtu mwenye akili haachi jambo kama hilo kwa bahati. Nikajiuliza: ni makohozi gani duniani ambayo Waziri hawezi kuyakosa? Ambayo aliyakwaruza mara kumi, yakathibitishwa kwa hadubini mbele ya mashahidi? Ni yapi kama si yangu!

Ila kuyapata ilikuwa kazi. Nilikohoa chooni mpaka Bwana Usafi akagonga kuuliza kama niko salama. Kifua kikavu kabisa. Nimenenepa, mkanda nimeurudisha tundu la zamani, pumzi ninayo, lakini kohozi hakuna. Mwisho nikapata kidogo, karibu mate matupu. Nikalipitisha kwenye joto, sheria ni sheria. Nikabandika alama nyekundu, nikaweka katikati ya safu, kwenye mwanga wa kamera.

Malaika alifanya vizuri. Anafanya vizuri kila siku, hilo ndilo tatizo lake.

Zamu ya Waziri. Nikashusha barakoa kidogo tu, nimnong'oneze: Waziri, ni mimi. Akaanza safu. Akakwaruza kimoja cha zahanati, akapata ndizi. Akafika kwangu. Akashusha pua. Nikashika kidude tayari.

Akapita!

Hakupunguza hata mwendo. Nikamrudisha. Akanusa tena, kirefu, akanitazama usoni kwa raha kabisa, akapita tena. Wageni wakacheka. Picha ya kalenda kapigwa Bwana Usafi.

Jioni nilirudi na hasira. Binti yangu kalala kifuani, nimeruhusiwa sasa, na mke wangu katega sikio kwenye mgongo wangu akasema leo kimya, hakuna hata mluzi. Nikamwambia asinibadilishie mada. Nikamweleza yote, na yeye akacheka mpaka akashika ukuta. Akakimbia kumpigia simu mama yake. Sijui kinachowachekesha ni nini.

Mimi nimeshafikia uamuzi. Waziri kazeeka. Pua imekufa, au Bwana Usafi kamgeuza moyo kwa ile sabuni. Ndizi ya jioni nimemnyima, na safari hii radhi siombi.