Maisha ya Mzee Ambindwile, Jinsi Nilivyoyaandika Mimi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeamua kuandika kitabu. Kitabu cha maisha ya Mzee Ambindwile, mpiga gitaa, aliyeimba "Subilaga Rudi" mwaka sabini na nane. Tangu hapo sijaona harusi Tukuyu iliyokwisha bila wimbo huo. Mzee yuko hai. Anaishi Kisondela, analima migomba. Gitaa aliliacha miaka thelathini iliyopita na hajamwambia mtu sababu.

Mimi nina kila kitu. Steshenari yangu mwenyewe, kompyuta, mashine ya kopi, mashine ya kubana vitabu kwa zile spirali za plastiki. Mwandishi gani mwingine wa Rungwe anavyo?

Kikwazo ni Mwalimu Obed. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa Umoja wa Wapenzi wa Ambindwile. Naye anaandika maisha ya Mzee. Alianza miaka kumi na moja iliyopita. Leo alikuja kununua kalamu, nikamuuliza kwa upole amefika wapi. Akasema Mzee sasa yupo darasa la pili.

Huyu nampita!

Nimemweleza mke wangu Arafa, ambaye cherehani yake ipo hapo mlangoni pa duka. Akauliza kama nimewahi kuzungumza na Mzee Ambindwile. Maswali ya Arafa huwa hayasaidii.

Jumanne, 17 Juni

Kisondela kwa bodaboda. Manyunyu, baridi, matope hadi magotini. Mzee amenipokea vizuri. "Kalibu, mwanangu, kalibu." Nikawasha simu inase sauti. Akasema atanieleza yote, hata sababu ya kuacha gitaa. Ila kwanza kuna migomba ya kupunguza majani na mikungu ya kuteremsha barabarani. Kazi ya siku tatu. Siku ya tatu tukimaliza tutakaa, tutaongea mpaka nichoke mimi.

Nimefanya kazi hadi saa sita mchana. Mkungu wa tatu ulinishinda kwenye mteremko. Ulitangulia wenyewe, mimi nikaufuata kwa makalio. Tulikutana kwenye zizi la jirani.

Nikamwambia Mzee nimekumbuka nina msiba. Akanipa pole, akauliza ni nani aliyefariki. Nikasema ni mtu wa mbali.

Nimesikiliza nilichonasa. Sauti ya panga, saa tatu nzima, na mtu anayehema. Anayehema ni mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefikiri sana. Siku tatu za nini? Mtu akiimba, maisha yake si yamo ndani ya wimbo? "Subilaga rudi, macho yako makubwa, mwendo wako wa pole, mlango nimeuacha wazi." Kila kitu kipo hapo! Nimeandika tangu asubuhi bila kunyanyuka. Subilaga alikuwa binti wa Lufingo, mrefu, mpole, mwenye macho. Ambindwile alimpenda. Akaja mwenye lori akamchukua, akaenda naye Kyela. Ambindwile akakaa juu ya jiwe kubwa kule Lufingo, akakaza nyuzi za gitaa, akatunga wimbo huku mvua ikimnyeshea.

Jiwe limenijia lenyewe. Sijui limetoka wapi.

Sababu ya kuacha gitaa: alipata habari kwamba Subilaga amefariki. Nimemuua ukurasa wa hamsini na mbili. Nililia. Arafa akauliza kuna nini. Nikamwambia Subilaga ametutoka. Akauliza Subilaga ni nani, kwa sauti ambayo sikuipenda, na akasimamisha cherehani kusubiri jibu.

Jumamosi, 21 Juni

Jalada. Sina picha ya Mzee akiwa kijana na siwezi kurudi Kisondela, nitaulizwa habari za msiba. Lakini kwenye kabati letu ipo picha ya marehemu baba mkwe, amesimama mbele ya duka lake la vitambaa mwaka sabini na tano, ameshika mwavuli. Nimeuondoa mwavuli kwenye kompyuta, nimeweka gitaa. Limekaa vizuri kabisa, ila anashika gitaa kwa mkono mmoja tu, upande wa mpini, kama anayejikinga mvua.

Arafa aliichukua kopi ya kwanza mkononi.

"Baba Nahla," akasema, "huyu ni baba yangu."

Nikamwambia sanaa ina mambo yake. Akasema baba yake hakuwahi kushika gitaa, alikuwa anasoma Maulidi. Hajanisemesha tena. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 27 Juni

Kitabu kimetoka! Kopi sitini. Nilirudi kutoka msikitini nikakuta watu mlangoni. Mama Felista, muuza vitenge wa sokoni na katibu wa Umoja wa Wapenzi, alisomea hapo hapo amesimama. Alipofika ukurasa wa hamsini na mbili akaketi chini kwenye baraza. Akasema siku zote alijua. Akasema yeye na marehemu mumewe waliingia ukumbini kwa wimbo huo, na sasa anaelewa kwa nini mumewe alikuwa anatetemeka.

Kuhusu jalada, wapenzi wote wamesema Mzee hajabadilika hata kidogo.

Mwalimu Obed alikuja jioni na kalamu nyekundu. Amekuta makosa mia moja arobaini. Ameuliza pia nimepata wapi habari za lori. Nikamjibu kwamba mwandishi hataji waliompa habari. Akasema yeye ameongea na Mzee mara ishirini na hajasikia lori. Nikamwambia labda Mzee akiwa darasa la pili malori yalikuwa hayajafika.

Nimefurahi sana na jibu hilo. Nimemsimulia Arafa. Bado hasemi.

Jumatano, 2 Julai

Wapenzi kumi na wawili wamekwenda Lufingo kulitafuta jiwe. Sikuwatuma! Mama Felista aliwaongoza, kitabu mkononi. Wameliona. Tena wameona mawili, wakagawanyika. Kundi moja linasema ni lile la karibu na mto, kundi jingine linasema ni la juu kwenye shamba la mahindi. Mwenye shamba amewaambia lile la juu alilileta yeye kwa trekta mwaka juzi. Wamemwambia hajasoma kitabu.

Kwenye kundi la WhatsApp ni ugomvi tangu mchana. Wameniomba niamue. Nimeandika kwamba ni la karibu na mto. Nimejishangaa nilivyokuwa na uhakika.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Uzinduzi. Ukumbi ulijaa, watu wengine walisimama madirishani. Nilivaa kanzu mpya na koti. Arafa alikuja, akakaa nyuma kabisa, upande wa mlango.

Sikumwalika Mzee. Nilipanga kusema anaumwa. Nikiwa ndiyo kwanza nimesema anaumwa, akaingia. Mwalimu Obed alikuwa amemshika mkono. Ukumbi ukainuka kwa vifijo. Nikasema, alhamdulillah, amepona.

Mzee akapewa kipaza sauti. Alikuwa na kopi yake, amesoma yote. Akasema, "Kitabu kisuli. Huyu mtu wa humu ndani maisha yake masuli kuliko yangu." Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha akasema kuna jambo dogo tu la kusahihisha. Subilaga hakuwa binti. Alikuwa ng'ombe.

Akaeleza taratibu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyemchunga huyo ng'ombe tangu akiwa ndama. Kaka yake mkubwa alipooa, Subilaga akaenda kwenye mahari. Alilia siku tatu. Kila jioni aliacha mlango wa zizi wazi, huenda akarudi. Alipokuwa mtu mzima akamtungia wimbo.

Nilitafuta mlango kwa macho. Arafa alikuwa amekaa mbele ya huo mlango. Nikajua wakati wowote watanigeukia, nikaanza kuvua koti ili nikimbie vizuri.

Mama Felista akasimama.

"Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote. Mimi nimeolewa kwa wimbo ule."

"Malahaba, mwanangu. Na ulikuwa wimbo wa ng'ombe."

"Hapana, Mzee!"

Ukumbi mzima ukasema hapana. Mmoja akasema Mzee ana miaka sabini na nane, mambo yanachanganyika. Mwingine akasema jiwe lipo, wamelikalia wenyewe. Wa dirishani akapaza sauti kwamba Mzee anaficha kwa uchungu, aachwe, wanaume wa zamani walikuwa hivyo. Wakamzunguka, wakampa pole ya Subilaga. Kinamama wawili walimkumbatia. Mzee alisimama katikati akipewa pole, akawa anawatazama mmoja mmoja, kisha akasema "ndaga, ndaga", ndiyo asante kwa lugha ya huku, na akakaa.

Mwalimu Obed alijaribu kuzungumza. Wakamzomea.

Kopi zote zimekwisha. Nimeshinda! Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba. Arafa alitembea upande wa pili wa barabara.

Jumanne, 8 Julai

Mzee amekuja dukani. Saa tatu asubuhi, ametoka Kisondela kwa bodaboda na ukungu wote huu. Nilidhani amekuja kunishitaki. Hapana. Amevua kofia, akasema jana akiwa pale mbele aliona jambo. Kwamba akifa yeye, Subilaga ng'ombe anakufa naye, maana hakuna mwingine anayemjua. Akasema sasa yuko tayari kueleza, bila kazi ya migomba, hapa hapa. Saa moja tu. Akauliza msiba wangu ulikwendaje.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nina toleo la pili la kuandaa! Wapenzi wanataka sura nzima ya barua za Subilaga kutoka Kyela. Nimefika barua ya nne. Nikamwambia Mzee kwa adabu zote kwamba leo nimebanwa, aje wiki ijayo, na aje na picha. Nikampa kiti barazani apumzike.

Mwalimu Obed alikuwa amekuja kutoa kopi ya barua yake ya malalamiko dhidi yangu. Akaketi kwenye kiti cha pili. Niliwaona wanazungumza. Nikadhani ni habari za hali ya hewa.

Walizungumza kwa saa nne nzima. Arafa alizima cherehani, akawachemshia chai, akakaa nao. Mimi sikupata chai.

Alhamisi, 10 Julai

Arafa amenisemesha. Hakuniangalia, alikuwa anatia uzi kwenye sindano, lakini amenisemesha. Amenieleza sababu ya kuacha gitaa.

Yule kaka, aliyeoa kwa ng'ombe huyo, hakukosa dansi hata moja la mdogo wake. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi. Kila Ambindwile alipofika kwenye "mlango nimeuacha wazi", kaka alilia kama ng'ombe. Mmoo! Watu walidhani ni mlevi. Wao wawili tu ndio walijua. Miaka kumi na saba walicheka hivyo, mmoja jukwaani na mmoja nyuma. Kaka alifariki mwaka tisini na tano. Wiki iliyofuata Ambindwile alipanda jukwaani, akafika kwenye maneno ya mlango, akasubiri. Bendi nayo ikasubiri. Hakuna aliyelia. Akaweka gitaa chini, akateremka, hajalishika tena.

Arafa alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Akasema Mwalimu Obed ameandika neno kwa neno, ametupa kurasa zake zote za zamani na ameanza upya. Akasema hicho ndicho kitabu atakachonunua yeye.

Kusema kweli nilimwona yule mzee amesimama na bendi yake, anasubiri. Na mimi nilimwambia aje wiki ijayo.

Kisha nikajiuliza: ni nani atakayekwenda Lufingo kukalia jiwe kwa ajili ya mtu anayelia kama ng'ombe? Obed hajui biashara.

Nimeomba radhi kwa Arafa kuhusu picha ya baba yake. Nimemwahidi toleo la pili litakuwa na jalada jingine. Akauliza nitaweka nani. Nikasema mjomba wake. Ameingia ndani.

Jumamosi, 12 Julai

Bodaboda hadi Kisondela. Nilitaka kumwomba Mzee msamaha na picha. Sikumkuta nyumbani. Yupo shambani, jirani akasema, na Mwalimu Obed wanateremsha mikungu. Nilisimama juu ya mteremko nikawaona chini. Obed, na miaka yake sitini na tisa, ana mkungu begani, suruali imekunjwa, matope tupu. Mzee mbele yake anaimba. Kwa sauti ndogo, bila gitaa, lakini anaimba. Alipofika kwenye maneno ya mlango, Obed akasimama, akavuta pumzi, akalia.

Mmoo.

Vibaya kabisa. Kama baragumu lililopasuka. Mzee akaweka panga chini, akacheka mpaka akashika mgomba.

Nikageuza bodaboda. Sikutaka wanione, wangenipa mkungu.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi, na ni kosa moja tu. Niliandika habari za mtu mzee. Mzee ana mambo mengi yaliyokwisha kutokea, na wapo wanaoyakumbuka. Ukiandika hivi, anatokea mtu anasema ilikuwa vile.

Nimepata msanii mwingine. Lazaro, mwimbaji wa kwaya kutoka Nkunga, anayevuma kwenye simu za watu wote mwaka huu. Ana miaka ishirini na sita. Sijaonana naye bado, hakuna haraka.

Nimeanza na sura za uzee wake. Huko hakuna wa kunipinga.