Sahihi ya Mama Hilda

Jumatano, 2 Julai 2003

Nimeamka na akili mpya. Wazee wengine huamka na maumivu ya kiuno, mimi na akili.

Mama Hilda alikwenda Dar kumpikia binti yetu Hilda mtori wa uzazi, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Alisema miezi mitatu. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa anavaa soksi na kwenda chekechea. Uzazi gani huu?

Kumwomba arudi siwezi. Nimeendesha lori la kahawa miaka thelathini na moja. Njia ya Holili naijua kwa kunusa. Hata nilipozama kwenye tope hadi ekseli sikumwomba mtu anisukume. Leo nimwombe mke wangu?

Jioni kipindi cha sheria redioni. Wamesema mume hauzi nyumba ya familia mpaka mke akubali kwa sahihi yake. Jirani yangu Basili alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ua wa masale ya mpaka. Akasema basi wanaume tumekwisha. Kichwani nilikuwa nimeshauza.

Mpango ni huu. Natangaza nauza nyumba. Mama Hilda anapanda basi kuja kutia sahihi. Anafika, anaona ukuta aliopaka chokaa mwenyewe, anakataa. Tunagombana kidogo. Halafu anapika.

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu. Lakini la tatu la wamisionari.

Ijumaa, 4 Julai

Mjini kwa wakili. Hati nimeibeba kwenye mkebe wa biskuti.

Wakili mwenyewe ni binti, anaitwa Ruth, umri wa Hilda wangu. Akaniamkia shikamoo. Karani wake shikamoo. Watu watatu wa kwenye benchi, shikamoo. Tano kabla ya saa nne! Nyumbani nina kuku tu, na kuku haamkii mtu. Zamu yangu ilipofika niliwapisha wawili mbele.

Akaanza maswali. Hati ina jina la nani? Langu, kwa herufi kubwa. Imewekwa rehani benki? Nikamwambia benki ndiyo ingekuja kukopa kwangu. Kodi ya ardhi imelipwa? Nikakohoa. Mke yuko wapi, na anakubali?

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nikamuuliza mara tatu, kwa sauti, kama kweli ni lazima akubali. Akasema lazima, mzee wangu, bila yeye huuzi hata mlango. Nikacheka kwa raha. Akasema wanaume wengine wakifika hapo hugonga meza, mimi ndiye wa kwanza kufurahi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Basili ana simu ya mkononi, ya pekee mtaani. Nimekwenda kuiazima. Akanipa, akabaki kasimama pale pale, anatafuna ndizi ya kuchoma.

Nikamwambia Mama Hilda nyumba naiuza, aje atie sahihi. Akauliza, Baba Hilda, unaumwa? Nikasema mimi ni mzima kama jiwe. Akauliza nataka nini hasa.

Basili akaacha kutafuna.

Nikasema nataka sahihi.

Nilipomrudishia simu yake akanitania. Eti dereva mkubwa kanyang'anywa mke na kitoto cha soksi. Eti Monica wake haendi popote kwa sababu yeye anajua kusema na mwanamke. Nikamwambia Monica haendi popote kwa sababu ya magoti.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa. Amekuja mteja wa kweli.

Sikumtafuta. Ni wakili Ruth kamwelekeza. Anaitwa Hardik, muuza vipuri wa mjini, anataka nyumba ya kufanya ghala. Kijana ana adabu, shikamoo ya kuinama. Akauliza mawe ya mpaka yako wapi. Maji yanatoka siku zote? Kuna kesi yoyote? Na huu mparachichi unauzwa pamoja na nyumba?

Nimemjibu saa mbili nzima. Nikamwonyesha misingi, mabati, mahali anapokaa Mama Hilda akimenya ndizi, hata sauti ya komeo. Nikasahau kabisa kwamba siuzi.

Amekunywa chai. Kila siku natoa vikombe viwili, sijui kwa nini, na jioni naviosha vyote viwili. Leo cha pili kilikuwa na uchafu. Nimekiosha polepole.

Jumatano, 16 Julai

Konda wa basi la Dar kaleta bahasha. Nilikwenda stendi nimevaa koti la harusi, nikidhani analeta mtu.

Ndani ni fomu ya ridhaa. Sahihi ya Mama Hilda. Muhuri wa wakili wa huko. Na barua kwa mwandiko wa Hilda: mama anasema kama umeshaamua basi uza, uje huku, kuna chumba cha uani.

Chumba cha uani. Mimi.

Nimemfuata wakili Ruth kumuuliza kwa nini hakusema kwamba sahihi inaweza kusafiri bila mwenyewe. Akasema sikumuuliza. Hardik naye yuko tayari, tunatia sahihi Ijumaa.

Juu ya fomu wamebandika picha yake ndogo. Amesuka nywele upya. Anatabasamu upande mmoja, kama anapojua nimeficha kitu. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Nikaichemsha tena, nikaishika fomu juu ya mvuke, picha ikabanduka vizuri bila kuchanika. Sasa iko juu ya redio. Wao wana sahihi, inawatosha.

Ijumaa, 18 Julai

Wakili Ruth kaitazama fomu, kanitazama mimi. Picha iko wapi? Nikasema imechukuliwa na upepo. Akauliza, ndani ya bahasha, mzee wangu? Nikamwambia yeye ni mgeni, haujui upepo wa mlimani.

Akasema bila picha fomu haipokelewi. Niliposikia hivyo nilikuwa kama dereva kwenye mteremko aliyekanyaga breki, ikashika. Hardik akasema atasubiri wiki moja. Asubiri tu, mimi sina ninachopoteza. Nimerudi nyumbani, nimemweleza Mama Hilda wa kwenye picha, pale juu ya redio, jinsi nilivyowashinda.

Jumatatu, 28 Julai

Hardik amechoka kusubiri. Kanunua kwa Basili.

Monica alitia sahihi mezani kwa wakili, picha mkononi, viatu vya kanisani miguuni. Kazi ya dakika kumi. Wanarudi kwao Kirua Vunjo, kwenye kihamba, shamba la ukoo. Basili kaja kuniaga, anacheka, ananishukuru kwa kumtafutia mteja. Nikamwambia akifika huko asahau njia ya kurudi.

Akaacha kucheka. Akauliza, sasa Melkior, utagombana na nani?

Nikamwambia atoe mguu kwenye mchicha wangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Kwa Basili sasa ni mabomba ya moshi na gia kuukuu hadi dirishani. Harufu ya jiko la Monica hakuna. Nilikaa barazani tangu asubuhi. Shikamoo moja, ya Hardik.

Akaniita ghalani, akanipa simu yake niongee na Mama Hilda. Kisha akatoka, akafunga mlango mwenyewe nyuma yake. Hakuna anayetafuna. Hakuna anayesikia. Mimi na gia tu.

Mama Hilda, kumbe kashasikia fomu ilikataliwa, akauliza, ile picha uliibandua wewe, sivyo? Akasema, Baba Hilda, mimi hapa nguo zangu ziko kwenye begi tangu ule mwezi wa saba. Niambie neno moja tu, kesho napanda basi.

Neno nilikuwa nalo.

Nikamwambia nyumba naiuza upya, alete picha nyingine, safari hii kubwa, ya mwili mzima.

Nikasikia kama zipu ya begi inafunguliwa, au labda ni simu tu. Akasema haya, Baba Hilda. Akakata.

Ameingia kwenye mtego. Jumatatu naondoka na mkebe wangu mapema. Nimesikia kuna wakili mwingine karibu na stendi, mkali kweli kweli. Huyo anadai picha mbili.