Uwanja wa Ndege wa Mzee Sifuna

Wabwile hakuwa mwizi. Alilisema hilo mwenyewe, tena bila kuulizwa, na watu wa Kitale waliomzoea walikuwa wakigusa mifuko yao kila alipolisema.

Asubuhi moja ya Oktoba alikuwa ameketi katika duka la intaneti karibu na stendi, macho kwenye skrini ya jirani yake, kwa kuwa ya jirani ilikuwa imelipiwa. Vijana watano walikuwa wamejazana pale wakitazama tangazo la mchezo wa kurusha ndege uliotarajiwa kutoka baada ya wiki tano. Kidege cheupe kilipita juu ya milima, mashamba na mapaa ya mabati, na vijana walinyamaza kama watu walio kwenye maombi. Mmoja aliwaeleza wenzake kwamba mchezo huu hauhitaji kompyuta ya maana. Unatiririka kwa intaneti kutoka mitambo mikubwa ya mbali, na ndani yake mna dunia nzima kama ilivyopigwa picha kutoka juu, boma kwa boma.

"Dunia nzima?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja karatasi zake zitoke kwenye mashine ya kuchapisha. "Hata Misikhu?"

"Hata Misikhu, mathe. Unashuka tu kwa shamba ya mtu."

Mwanamke huyo aliitwa Joan, na karatasi alizongojea zilikuwa barua yake ya tatu kwa ofisi ya ardhi. Mumewe alipofariki, shemeji yake Sifuna alilima njia ya kwenda kwake na kuipanda mahindi kabla kaburi halijakauka. Tangu siku hiyo hapakuwa na pikipiki iliyofika nyumbani kwa Joan. Nyanya zake zilioza kwenye makreti. Mama mkwe wake, ambaye kwa desturi ya kwao alikaa katika boma la kitinda mimba wake hata baada ya huyo kitinda mimba kuzikwa, alikuwa akipelekwa kliniki kwa wilbaro, katikati ya mahindi ya mwanawe wa kumzaa.

"Shemeji yangu akisikia hii maneno hatalala," Joan aliwaambia vijana, kwa sauti iliyofika hadi dirishani. "Ako na shamba refu, imenyooka kutoka barabarani mpaka kwa geti yangu. Na huyo mzee anapenda pesa, bana. Shilingi ikianguka kwa choo anaita fundi. Shida ni hii njia yangu, ati nimeandika barua mpaka nimechoka..."

Wabwile alikuwa amesikia shamba, urefu na pesa. Habari za njia hakuzisikiliza. Mtu hawezi kusikiliza kila kitu.

Siku ya tatu alishuka Misikhu akiwa amevaa shati jeupe na koti la kung'aa la watu wa barabara, utepe wa kupimia begani na faili kwapani. Alijitambulisha kama Kapteni Wabwile wa Idara ya Viwanja, Kanda ya Magharibi. Kanda ya Magharibi ya nini hakusema, wala hakuulizwa, maana nchini kwetu mtu mwenye koti la kung'aa haulizwi sana.

Sifuna alimpokea chini ya varanda. Alikuwa karani mstaafu wa ghala la mahindi, mtu mzito wa kutembea na mwepesi wa kuhesabu.

"Mzee, hapo ulipo umekalia mali," Wabwile alianza.

"Mimi nimekalia kiti. Sema unauza nini."

"Siuzi, mzee. Nachagua." Akamwonyesha tangazo kwenye simu, kidege kikielea juu ya mashamba. "Watu mamilioni wanangojea hii kitu. Amerika, Japani, kila mahali. Siku ikifunguliwa, kila mmoja anatafuta mahali pa kushuka. Akishuka kwako, analipa ada. Inaingia kwa simu yako ukiwa umelala."

"Hao watu watakuja hapa kwangu?"

"Hawaji. Hiyo ndio uzuri yake. Hawakanyagi hata nyasi."

Sifuna alijiweka sawa kitini kwa heshima. Wageni wanaolipa bila kufika, wasiokula, wasiolala, wasioomba hata maji ya kunawa: alikuwa ameombea wageni wa aina hiyo maisha yake yote.

"Na wakianguka?"

"Wakianguka wanalipa mara mbili."

Hapo Sifuna aliagiza chai, tukio ambalo mkewe alikuja kulisimulia kanisani. Wabwile akaeleza masharti. Uwanja uwe umetengenezwa kabla picha mpya haijapigwa kutoka juu. Upana mita kumi na mbili, murami juu, ule udongo mwekundu wa barabara, na urefu wote ambao shamba lingeweza kutoa. Walipima hapa, wakapima pale, na kila walipopima, mstari mrefu kuliko yote ulikuwa uleule mmoja, kutoka barabara kuu moja kwa moja hadi kwenye geti la Joan.

Sifuna akakunja uso. "Hapo ndipo kulikuwa na njia ya huyo mama. Nilifunga. Sitaki ifunguke tena."

"Mzee, sikiza. Hii si njia. Hii ni uwanja."

Maneno hayo yalimwingia Sifuna vizuri sana, akayarudia kwa kila aliyekutana naye hadi jioni. Wabwile alipotaja ada ya usajili, Sifuna alisema pesa taslimu hana, ila ana mtamba mmoja mzuri anayekaribia kuzaa. Hakusema kwamba mtamba huyo alimchukua katika boma la marehemu ndugu yake wiki ya matanga, "amtunze," na kwamba kwa miaka miwili alikuwa akitafuta namna ya kumwondoa Misikhu kabla Joan hajamdai mbele ya wazee. Marehemu ndiye aliyempa ng'ombe yule jina la Sandra, na hakuwahi kumweleza mkewe kwa nini.

Kazi ikaanza. Sifuna alivuna mahindi kabla ya wakati wake, akakodi trekta, akamwaga murami malori manane. Wabwile alisimamia kwa kunyoosha kidole. Siku moja Joan alikuja mpaka mwisho wa shamba, mikono nyuma, akasimama karibu naye. Wabwile hakumtambua. Kule Kitale alikuwa amemsikia tu, hakuwa amemtazama.

"Kapteni, itafika mpaka kwa geti yangu?"

"Lazima, mama. Ndege inataka urefu."

"Na hapa kwa mtaro itapita aje? Si magurudumu itazama?"

Wabwile, ambaye hakupenda kuonekana hajui, aliamuru kalavati iwekwe siku hiyohiyo, kwa gharama ya Sifuna. Joan alimshukuru kwa adabu, akarudi kwake kupalilia nyanya.

Misikhu nzima ilishikwa na homa ya kungoja. Watu ambao hawajawahi kupanda hata ngazi ndefu walibishana sokoni juu ya upepo na kona za kutua. Sifuna aliandika kwa makaa kwenye ukuta wa ghala siku zilizobaki, akifuta moja kila asubuhi. Alisimamisha mti mrefu na kuufunga kitambaa cha kuonyesha upepo, na mkewe alitafuta petikoti yake ya Jumapili siku mbili kabla ya kuinua macho juu. Mwalimu mmoja alipopendekeza washirikiane ili na yeye apate ndege mbili tatu, Sifuna alimwambia akatafute anga lake.

Ilipobaki siku moja, Wabwile alikuja kuchukua chake. Tapeli mzuri huondoka siku moja kabla ya miujiza. Saa nne asubuhi alikabidhiwa kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Sandra, mnene, mtulivu, macho makubwa. Wabwile aliona stendi ya Kitale, mnunuzi wake wa ng'ombe na miezi sita ya kutofanya lolote. Akaanza kumwongoza juu ya murami mpya kuelekea barabara kuu, viatu vyake vya ofisini vikilia kwa furaha.

Walikuwa wamekwenda hatua ishirini hivi sauti iliposikika kutoka upande wa pili, mbali kule kwenye geti. Ko, ko, ko. Mtu alikuwa akigonga debe la chumvi.

Sandra alisimama. Masikio yalisimama pia. Kisha, kwa wepesi ambao Wabwile hakuutarajia kwa mja mzito, aligeuka na kuanza kukimbia. Wabwile alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara tatu, kwa usalama, hivyo alikwenda naye. Mita mia za kwanza alikimbia. Mita mia zilizofuata miguu yake iligusa chini mara mojamoja. Watu waliokuwa wakifagia uwanja walisimama kando na kushuhudia, na mmoja wao anashikilia hadi leo kwamba mahali fulani karibu na ule mti wa petikoti, Kapteni alipaa.

Alitua getini kwa Joan akiwa na kiatu kimoja. Ng'ombe alikuwa ameshazamisha pua kwenye debe.

"Karibu, Kapteni," Joan alisema. "Kaa unywe chai. Huyu ni wangu, unajua."

Wabwile alitaka kukasirika, lakini pumzi haikutosha. Kwenye kigoda kando ya mlango aliketi mama mkwe wa Joan, bibi mzee ambaye boma lote lilimwita Kukhu, mguu wake umefungwa bendeji, akimtazama kwa hamu ya mtu aliyeletewa sinema nyumbani.

"Mama, huyo ng'ombe nimepewa kihalali."

"Basi twende kwa chifu, umwambie umepewa kwa kazi gani."

Sandra alilamba debe.

"Wewe ulinijua," Wabwile alisema mwishowe, polepole.

"Si tulikuwa pamoja Kitale? Niliona vile masikio yako ilisimama kama ya Sandra." Joan alimmiminia chai, akaongeza sukari bila kuuliza. "Barua ya kwanza nilipeleka ofisini, wakanyamaza. Ya pili, wakanyamaza. Ya tatu sikupeleka, Kapteni. Niliona nikutume wewe."

Wabwile aliumia. Ng'ombe angeweza kumsamehe, hata kiatu. Kilichomchoma ni kwamba amefanya kazi wiki tano, kazi halisi, jua kichwani, na kumjengea mtu barabara.

"Bado simu moja," Joan alisema. "Piga kwa shemeji. Mwambie kwa picha lazima ionekane magurudumu inapita. Kila siku. La sivyo itaonekana ni shamba tu."

"Na nikikataa?"

Joan alitazama tu njia ndefu nyekundu, ambako wafagiaji walikuwa wakimuuliza Sifuna mbona ng'ombe amerudi. Wabwile akatoa simu. Alisema yale maneno kwa ufasaha mkubwa, akaongeza kwa hiari yake kwamba nyasi pia zikatwe kila Jumamosi, kwa kuwa hakuweza kufanya kazi mbaya hata akilazimishwa. Kuhusu ng'ombe, alisema anamwacha karantini kwa huyo mama hadi taarifa nyingine. Kisha Joan akamwitia pikipiki, ya kwanza kufika getini kwake kwa miaka miwili, na akamlipia mpaka Webuye.

Siku ya siku, Sifuna alivaa suti na kwenda Bungoma mjini kuungojea mchezo kwenye duka la intaneti. Aliketi mbele ya skrini tangu asubuhi. Kiduara kilizunguka, kikazunguka. Saa tisa kijana wa duka alimweleza kwamba mitambo imelemewa, watu ni wengi mno duniani wanaojaribu kuingia kwa pamoja.

"Wengi kiasi gani?" Sifuna aliuliza.

"Mamilioni, mzee."

Alirudi Misikhu na furaha ambayo hakuweza kuificha. Mamilioni, na wote walikuwa njiani. Tangu hapo kila Jumamosi yuko uwanjani na fyekeo, anakata nyasi, anajaza mashimo, anapisha pikipiki za nyanya kwa uvumilivu mkubwa kwa sababu ni za picha.

Jumamosi moja alisimama kando kumpisha mama yake, aliyekuwa akipelekwa kliniki nyuma ya pikipiki, leso ikipepea. Sifuna aliinua mkono akamwomba dereva apite polepole, asiharibu mahali pa kutua.

Kukhu alimgonga dereva begani.

"Ongeza mwendo," alisema. "Hii si njia. Hii ni uwanja."