Namba Nne Katika Gwaride Si Mwizi

Mtaa wa Clough, namba 14,
Brighouse, Yorkshire.
Jumatano.

Kwa Mhariri wa jarida la King'ora,
Chama cha Wapenzi wa Tamthilia ya "Kituo cha Tanner".

Ndugu Mhariri,

YAH: USO WA MWANANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanachama wenzako. Mimi si msomi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano nikaingia kiwanda cha mazulia, lakini mwandiko wangu ulisifiwa hata na padri, na barua hii nimeinakili mara mbili ili uisome bila taabu.

Mimi ndiye mama mzazi wa Royston Ackroyd, namba nne. Kwa msomaji asiyejua, ingawa mtaani kwetu hayupo asiyejua maana nilimwambia kila mtu mwenyewe: mwaka 1986 watu wa televisheni walikuja hapa kurekodi ile sehemu ya wizi wa tarumbeta kubwa la bendi ya kiwanda. Walitaka vijana wa kusimama pamoja na mshukiwa kwenye gwaride la utambulisho, wanaofanana naye ili shahidi apate kazi ya kuchagua. Wakaenda depo ya mabasi, wakachukua madereva saba, wakawabandika masharubu ya gundi, wakawapa kofia na mkate wa nyama. Royston alirudi nyumbani na masharubu yale akakaa nayo siku mbili. Yalimpendeza.

Sasa jarida lako la mwezi huu limeirudia sehemu hiyo kwa kurasa nne nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika hivi, nanukuu: "Tumeitazama mara sita na kusimamisha picha. Mwizi halisi ni namba mbili, lakini namba nne ana uso wa mtu aliyekwisha iba na anayefikiria kuiba tena." Ndugu Mhariri, ule ni uso wa ukoo. Marehemu mume wangu Stanley alikuwa nao, na alikaa na funguo za kanisa miaka ishirini bila mshumaa kupotea. Tena gundi ilikuwa inawasha. Jibandike wewe tuone utaonekanaje.

2. Siku hizi sitembei kwa amani. Juzi naingia buchani, Bwana Sugden anamwambia msaidizi wake, "Fungia soseji hizo kabatini, mama yake namba nne kaingia." Wateja wakacheka. Nikamwambia, "Sugden, soseji zako hata mwizi angezirudisha." Wakacheka zaidi, lakini moyoni niliumia. Jirani yangu Glenys naye, ambaye ni mwanachama wenu, ananiuliza kila asubuhi kutoka upande wake wa uzio, "Beryl mpenzi, tarumbeta mmelificha wapi, chini ya kitanda?"

3. Hili ndilo kubwa. Jumamosi mnakutana ukumbi wa maktaba kuitazama tena sehemu hiyo na kupiga kura: "Nani alistahili kukamatwa?" Atakayekuwepo ni Bi Whitaker, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, mwanachama wenu wa miaka mingi, mwenye skafu ya chama. Na Jumatatu Bi Whitaker huyohuyo anachagua mtu wa kusimama na ile fimbo yenye kibao cha duara kuwavusha watoto barabarani. Royston wangu ameomba. Tangu astaafu udereva hajataka kitu kama anavyoitaka fimbo ile. Amejinunulia koti la njano. Jumanne alinivusha barabara ya duka mara kumi na moja, kwenda na kurudi, na sikuguswa na gari hata moja. Mwenye lori alisimama, akapiga honi kwa heshima. Sasa niambie, mzazi gani atamwachia mtoto wake mtu ambaye ukumbi mzima umempigia kura ya wizi?

4. Halafu mfikiri kidogo. Inspekta wenu wa Kituo cha Tanner, ambaye sura yake mnainywea chai kwenye vikombe, alipita mbele ya mwanangu, akamtazama usoni, akamwachia aende. Ama Inspekta ni kipofu ama Royston ni safi. Chagueni moja. Kama mnachagua la kwanza, rudisheni vikombe.

5. Na kama bado mnashikilia kwamba ana hatia, basi tufuate haki mpaka mwisho. Namba mbili alifungwa sehemu tatu zilizofuata, mkewe akamkimbia na mwashi. Kwa hiyo alionewa. Mfungueni, mrudishieni mkewe, mumwombe radhi kwenye jarida. Mimi nitamleta Royston maktaba kwa mkono wangu, amevaa shati lililopigwa pasi, ashitakiwe mbele ya watu kumi na wawili ambao hawajawahi kuitazama tamthilia. Nitatoa ushahidi kwamba siku tarumbeta linaibwa alikuwa nyumbani na matubwitubwi, hakuweza kupuliza hata kipenga. Akishinda, mtangaze kwenye ukurasa wa mbele kwa herufi nyekundu.

Kama hayo yote ni mazito, ninaomba moja tu: mtoeni namba nne kwenye kura ya Jumamosi. Ikiwa lazima abaki, pembeni yake wekeni picha ya Royston na liki zake, zile mboga za jamii ya kitunguu, zilizoshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya bustani. Kila liki ina unene wa mkono wangu. Mtu anayeiba hana subira ya kulima kitu kama kile.

Msinijibu kwamba pengine nimemfananisha. Mama hakosei sura aliyoizaa.

Nisalimie wanachama wote, hata Glenys, na yule mzee wenu mwenye goti bovu anayebeba viti. Mwambie apake mafuta ya moto. Msalimie na mama yako, naye ataelewa.

Wako mwenye uchungu wa kuzaa na bado hajapoa,
Beryl Ackroyd (Bibi)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha Royston amepita kunywa chai, nikamsomea. Amesema, "Mama, namba nne ni Dunstan wa zamu ya pili. Mimi ni wa saba." Tumeweka kanda, tumesimamisha picha kama mfanyavyo ninyi, na kweli, wa saba amevaa viatu vya kahawia nilivyomnunulia mwenyewe. Yule niliyempiga picha kwenye televisheni, nikamtia fremu, nikamtundika ukutani juu ya meko ya sebuleni miaka karibu arobaini, ni Dunstan. Nimemuuliza Royston kwa nini hakusema. "Nilidhani ni picha ya Baba ujanani," amesema.

Nimemshusha ukutani, nikavaa miwani, nikamtazama vizuri huyo Dunstan. Ndugu Mhariri, mlichoandika ni haki tupu. Uso ule hata mimi ningeufungia soseji. Kura iendelee, na mama yake akitaka aandike barua yake.

Ila nimezisoma upya zile kurasa nne, mstari kwa mstari, pamoja na maandishi madogo chini ya picha. Kuhusu namba saba hamna hata neno moja. Naomba nijulishwe kabla ya Jumamosi mwanangu amewakosea nini.