Kwato za Soko Huria

Jumatatu, 3 Julai 1995
Habari kubwa Bariadi! Kampuni mpya ya pamba inatafuta punda wa kuvuta mkokoteni kutoka vijijini. Wakala wake, Bwana Masele, atachagua mmoja tu, Jumamosi ya wiki ijayo. Tunaogombea ni mimi na jirani yangu Ngusa. Punda wa Ngusa mbavu tupu. Wangu, Soko Huria, ana mwili wa wastani. Wastani haushindi! Nitamnonesha.

Mke wangu Domitila kasema punda hula nyasi. Mwanamke huyu bado yuko enzi za ushirika.

Jumatano, 5 Julai
Pumba ya mahindi asubuhi. Pumba jioni, na molasi ya miwa juu yake. Soko Huria analamba ndoo mpaka inalia. Nyasi hataki hata kuziona. Ngusa kapita, kauliza kama huyo ni punda au bwana harusi. Wivu!

Jumamosi, 8 Julai
Pumba imekwisha. Nimechukua michembe ya Domitila, viazi vitamu alivyokausha tule wakati wa njaa. Gunia nimelijaza magunzi, juu nikabakiza michembe ya kuonekana. Akili! Shingo ya punda imejaa mafuta, imeanza kulala upande. Uzuri ulioje.

Jumanne, 11 Julai
Balaa. Soko Huria anatembea kama anakanyaga makaa. Akisimama anaegemea nyuma. Nikaelewa papo hapo: Ngusa kaniroga! Nikaenda kwake, nikamwambia mbele ya wageni wake. Kajibu kwanza, "Mwangaluka," maana sikuwa nimesalimia. Kisha kauliza punda wangu anakula nini. Nikaondoka kwa heshima zangu.

Alhamisi, 13 Julai
Hasimami kabisa. Kwato za moto, ukigusa unatoa mkono. Domitila kachota michembe, kafika kwenye magunzi. Kaenda mwenyewe kumwita daktari wa mifugo, Mama Generoza.

Daktari kapapasa shingo, kagusa kwato, kasema tatizo ni wanga. Nikaruka juu. Nilisema mimi! Ngusa! Kasema si wanga wa usiku, ni wanga wa pumba na viazi. Eti ukiingia tumboni unageuka sukari, sukari inajaa kwenye damu, na mwili unamwaga homoni iitwayo insulini ili kuipunguza. Punda kaumbwa kwa majani makavu. Ukimshindilia vitamu kila siku, insulini inazidi kipimo, na kwato zinaharibika kwa ndani. Mafuta ya shingo yalikuwa onyo. Mimi niliyaita uzuri.

Nikauliza kama kuna sindano ya kumsimamisha mpaka Jumamosi tu, kwa ajili ya wakala.

"Baba Kulwa," kasema, "mnyama huyu anaumia. Ukiendelea hivi utamzika."

Soko Huria kaweka kichwa mapajani mwangu. Machozi yalinitoka. Vumbi la Julai hilo.

Jumamosi, 15 Julai
Ngusa kashinda. Bwana Masele kasifu mbavu zile! Jioni Ngusa kaniletea mzigo wa nyasi kavu, kisha kanisaidia kumwagia kwato maji baridi. Nikamwomba radhi, kwa sauti ndogo. Kasema hakusikia. Nikarudia. Kasema alisikia mara ya kwanza.

Jumapili, 6 Agosti
Soko Huria katembea mpaka kisimani bila kuchechemea! Kapungua, shingo imenyooka. Domitila kacheka kwa mara ya kwanza tangu magunzi. Kaniapisha mbele ya daktari: sitampa tena pumba, wala molasi, wala michembe. Nimeapa kwa moyo wote. Nimejifunza, mimi si mtoto.

Mchana nimesikia kuna kampuni nyingine ya pamba inakuja kutoka Maswa. Nayo inataka punda. Nimekaa, nimeyapitia maneno ya kiapo, neno kwa neno.

Mihogo haikutajwa.