Uzio Uliotariziwa kwa Siku Moja

Ofisi ya Uzio na Mshikamano, ambayo mimi Nday ni Naibu Mratibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba mradi wa wilaya yetu ya Jette, huku ughaibuni, umefanikiwa kupita kiasi. Wanaosema akina mama walituzidi akili wana haraka. Wangoje taarifa hii iishe.

Uzio wenyewe ulikuwa wa muda. Tuliusimamisha mwaka 2009, vipande vya wavu wa chuma, ukafunga kinjia kinachotoka kwenye maghorofa kwenda hospitali kubwa. Kulikuwa na ujenzi uliotarajiwa. Ulitarajiwa vizuri sana, na hadi 2013 ulikuwa bado unatarajiwa.

Maman Régine, mzaliwa wa Bukavu, anahudumia wagonjwa katika hospitali hiyo. Kinjia kilipofungwa ikambidi azunguke mtaa mzima. Alikuja ofisini kwangu na sare yake ya kazi, macho mekundu kwa uchovu.

"Papa Nday, ile clôture mutaitosha siku gani? Natoka mapema sana juu ya kuzunguka. Mutoto wangu Sephora anaamuka nishatoka. Chai anakunywa yeye na télé."

Nilimhurumia kwa dhati. Kisha nikamweleza kwamba Ofisi yetu husimamisha uzio. “Kutosha”, yaani kuondoa, ni kazi ya idara nyingine, ambayo bado haijaundwa. Badala ya njia nikamwahidi kitu bora zaidi: sanaa. Ndiyo sera yetu. Penye malalamiko, tia rangi.

Akarudi na jirani yake Alesia, mwanamke wa Belarusi anayefundisha kutarizi katika ukumbi wa parokia. Akina mama wa Kivu, wenzake Maman Régine wa maghorofani, hawakuwa wageni wa sindano, maana masista waliwafundisha kutarizi mashuka tangu wasichana. Wazo lao lilikuwa kuutarizi uzio kwa nakshi za kwao Alesia, nyekundu juu ya nyeupe: vitambaa vyeupe na kamba nyekundu, vikipitishwa msalaba kwa msalaba katika matundu ya wavu.

Mbele ya Kamati ya Nakshi, Alesia akaeleza kwa Kifaransa desturi ya kwao. Zamani kijiji kikipatwa na balaa, wanawake walikusanyika wakafuma kitambaa na kukimaliza siku hiyohiyo. Halafu watu wote walipita chini yake, balaa likabaki nyuma.

"Balaa gani, hasa?" akauliza Mheshimiwa Antoine, diwani anayeshughulikia uzuri wa mitaa.

Maman Régine alininong'oneza, "Papa, mwambie tu balaa kwa jumla. Tusigombane."

Nikamwambia hivyo. Kamati ilifurahi, kwani mambo ya jumla hayamuumizi mtu. Kibali kikatoka baada ya miezi michache tu, kwa sharti kwamba kazi ya siku moja ifanyike kwa siku moja.

Siku hiyo ya Juni walikuja na mabakuli ya sambusa na makelele yao. Mkono wa kusuka nywele hausahau. Hadi mchana uzio ulikuwa umepambwa misalaba na maumbo ya almasi, nami, naomba radhi kwa lugha isiyo ya kiofisi, niliupenda.

Mheshimiwa alikuja kukagua. Akaona vibanio vya chuma, vile vinavyoshika kipande cha katikati kwenye nguzo zake, vimechafua kitambaa cheupe kwa kutu.

"Viondolewe," akasema. "Vinaharibu picha."

"Papa Nday," Maman Régine akaniita pembeni, "bakitosha ile vyuma, ni kamba yetu tu njo inashika. Mumwambie."

Nikamjibu kwamba Kamati ina imani na kamba. Vibanio vikaondolewa na mafundi wetu wenyewe, kwa amri, na ninasisitiza hilo kwa fahari.

Jioni ikaja sherehe. Mheshimiwa alihutubia kirefu juu ya uzio unaounganisha watu. Nilikuwa nimemnunulia utepe wa bluu, lakini macho yake yakaangukia kamba nyekundu ya katikati, iliyofungwa fundo kubwa la kupendeza. Akataka kukata hiyo. Nilimtazama Maman Régine aonye tena. Alikuwa anakagua viatu vyake.

Mheshimiwa akakata.

Kipande cha katikati kilitafakari kidogo. Kisha kikainama polepole, kikalala chali kwenye majani. Mbele yetu kinjia kilionekana kizima, na hospitali kule mwisho.

"Alors, bamama!" Maman Régine akapaza sauti. "Muinue! Desturi ni kupita chini!"

Wakakiinua juu ya vichwa vyao, misalaba na yote, naye akamgeukia diwani kwa adabu. "Monsieur Antoine, bakubwa mbele."

Itifaki iko wazi: hakuna apitaye kabla ya Mheshimiwa. Basi akapita, akipunga mkono, na wapiga picha wakafanya kazi yao. Watu wakamfuata kwa vigelegele.

Kesho yake niliagizwa kurudisha uzio. Shida ni kwamba njia iliyofunguliwa na diwani kwa mkasi, mbele ya kamera, haifungwi bila kutangaza kwamba diwani hakujua anakata nini. Kamati ilitafuta namna ya kuliandika hilo kwa heshima. Inaendelea kutafuta. Kipande kile sasa kimewekwa juu ya nguzo mbili kama lango, nami hupita chini yake kila asubuhi, kwa ukaguzi.

Mheshimiwa, baada ya kuona anavyosifiwa mitaani, ametangaza kwamba wazo lilikuwa lake. Ametuamuru tutarizi uzio mwingine wote wa wilaya, na Maman Régine aje mara moja kuishauri Ofisi. Nilimpigia simu mwenyewe: kesho asubuhi, mapema, diwani atakuwepo.

"Asubuhi? Ah non, Papa Nday," akasema, na nyuma yake nikasikia kijiko kikigonga kikombe na mtoto akicheka. "Asubuhi niko nakunywa chai na Sephora. Ofisi ingoje."

Ofisi inangoja.