Herufi ya Maji Ubaoni

Jumatatu, 4 Mei 1964

Shule imefungwa. Wanasema waasi wameonekana uwandani, upande wa Ruzizi. Directeur ameondoka, funguo ameniachia mimi. Nimekuwa mkuu wa shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja. Si haba, ni mwanzo.

Habari kubwa ni ziwa. Mwaka wa tatu huu linapanda. Nyumba ya Mama Léocadie, mama yake Ernestine, iko hatua mia na ishirini toka Jiwe la Kamba. Huku pwani kila kiwanja huhesabiwa toka jiwe hilo, pale mababu walipofunga mtumbwi wa kwanza. Jiwe lenyewe sasa liko chini ya maji, lakini hesabu haijabadilishwa. Leo nimepima toka mlangoni hadi majini: hatua tisini kavu. Basi maji yamekwisha kula thelathini.

Antoine, mwalimu mwenzangu, amemshauri Mama ahamie Kilibula kwa dada yake. Ernestine alimsikiliza ameinamisha kichwa. Sikukipenda kile kichwa. Nikasema mbele ya wote kwamba nitamhesabia Mama maji kwa hesabu ya juu, na nyumba ikipona, naomba binti. Mama akasema sawa, lakini maji yakimuua, nisithubutu kufika msibani.

Alhamisi, 7 Mei

Siku tatu nimepima. Toka jiweni, Jumanne maji yalikuwa hatua thelathini na moja, Jumatano thelathini na nne, leo thelathini na tisa. Yaani ile thelathini, uongeze siku zilizozidishwa kwa zenyewe. Muuza mihogo angeliona hilo. Antoine pia angeliona. Hapo ndipo penye shida. Mimi nataka alama ambazo Antoine hathubutu kuzishika.

Nimefungua daftari la marehemu Mwalimu Eugène, aliyetufundisha sote wawili. Kwanza dérivée, yaani mwendo. Siku nimeziita t. Kipeo kinashuka mbele, kisha kinapunguzwa moja: t² inakuwa 2t. Thelathini inakuwa sifuri, maana kisichobadilika hakina mwendo. Safi kabisa. Kisha intégrale, yaani kurudi ulikotoka. Kipeo kinapanda moja, unagawa kwa kipeo kipya: 2t inarudi kuwa t². Kila mwaka mvua hukatika katikati ya Mei, yaani siku ya kumi ya hesabu yangu. Kumi mara kumi, mia. Mlango uko mia na ishirini. Zinabaki ishirini kavu!

Nimeandika yote ubaoni kwa mwandiko mzuri. Nimefunga darasa kwa kufuli.

Ijumaa, 8 Mei

Kufuli nimelikuta limefungwa. Ubaoni, baada ya t², kuna kitu ambacho sikukiandika: + C.

Si chaki. Ni maji. Darasa zima linanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikaketi kusubiri herufi ikauke. Saa mbili nzima haikukauka. Ina mkia uliopinda kama ndoano. Mkia huo nimewahi kuuona, sikumbuki wapi. Ni Antoine tu huyo. Nimefuta kwa mkono wa shati, na mkono huo umelowa mpaka sasa ninapoandika.

Jumamosi, 9 Mei

C imerudi, tena kubwa.

Nimekwenda kumwonya Antoine. Hakucheka. Aliuliza mkia ukoje, nikamchorea mchangani, akaketi chini. Akasema ni Mwalimu Eugène pekee aliyeandika C namna hiyo. Kisha akauliza kama nimeirudisha ile thelathini. Nikamjibu kwamba thelathini ilikufa ubaoni, kwa kanuni, na chaki ni shahidi. Akanikumbusha maneno ya mwalimu: kilichokuwepo kabla hujaanza kuhesabu, mwendo hautakuambia, lazima ukikumbuke mwenyewe, ndiyo kazi ya C.

Maneno ya kizee. Eugène alizama mwaka jana akilitafuta lile jiwe kwa miguu chini ya maji, apate kuhesabu sawasawa. Ndiyo mwisho wa watu wanaokumbuka mno.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa nimewaleta Mama na Ernestine waone ubao. Njiani tulipishana na watu wa Mutarule, wamebeba mikeka, wanavuta mbuzi, hawasalimii. Mwanajeshi mmoja akaingia nyuma yetu, akaona alama ya intégrale, akauliza yule nyoka ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akatoka kinyumenyume. Nilijisikia vizuri sana.

C nilikuwa nimeifuta mapema. Lakini Ernestine alikuwa akitazama sakafu. Nyayo zilizolowa, za mtu mzima, kutoka ubaoni hadi ukutani. Ukutani hakuna mlango. Nikasimama juu ya nyayo hizo. Baridi ilipenya viatu.

Mama alisikiliza hesabu yote. Akasema, "Maji haiko inasoma, weye Norbert." Hata hivyo amekubali kubaki. Nadhani si kwa ajili ya hesabu. Hampendi dada yake.

Jumatano, 13 Mei

Risasi toka asubuhi. Nimepima mlangoni kwa Mama: hatua tisa kavu. Kwa hesabu yangu zingekuwa thelathini na tisa. Woga umenirefusha hatua.

Ernestine alinishika shati, analia. "Ile makumi tatu iko wapi, Norbert? Utoe mama mu nyumba." Nikamweleza kwa upole kwamba ni sifuri. Sijawahi kutazamwa hivyo. Iliniuma, lakini kanuni ni kanuni.

Darasani C ziko kila mstari. Hata kwenye kuta.

Alhamisi, 14 Mei

Maji yameingia nyumbani kwa Mama hatua kumi. Antoine alifika na mtumbwi kabla yangu. Mama alikuwa amesimama juu ya meza na sufuria zake. Amemchukua yeye na Ernestine, wanavuka kwenda Bujumbura. Ernestine hakugeuka. Nimelia kidogo, nyuma ya choo.

Mama ndiye aliyegeuka. Akaniita toka mtumbwini, bila hasira: "Weye Norbert. Msiba yako, miye nitakuya."

Ijumaa, 15 Mei, saa kumi na moja jioni

Mji hauna mtu. Mvua haijakatika.

Chumba changu kiko hatua mia na sitini toka jiweni. Nimepiga hesabu upya, polepole, bila Antoine kunisumbua. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni mia na arobaini na nne. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni mia na sitini na tisa. Maji hayanifikii kabla ya siku ya kumi na tatu, Jumapili. Leo ni ya kumi na moja.

C iko mlangoni, upande wa ndani. Chini yake, kwa maji yaleyale, imeandikwa 30. Kwa hiyo Antoine anavuka ziwa kila siku aje kunitia kichefuchefu. Wivu huo. Nimefuta vyote viwili kwa mkono wa shati.

Nje kitu kinagonga ukuta taratibu, mara thelathini, kinanyamaza, kinaanza tena. Ni upepo. Kitanda kina kunguni, nimetandika mkeka sakafuni. Nitahama Jumapili, baada ya misa.